Gari Lililoendeshwa kwa Sikio

Fundi Meno alikuwa na magari ya kujaza chumba kizima, na kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu.

Usidhani alikuwa mwongo. Magari yalikuwepo, ila yalikuwa vipande, vipande vilikuwa ndani ya maboksi, na maboksi yalikuwa yamefungwa kwa nailoni ya kiwandani ambayo mkono wa binadamu uliruhusiwa kuipangusa vumbi tu. Yalikuwa magari madogo ya kuunganisha, ya kukaa juu ya kiganja, mifano ya yale magari ya mwanzo kabisa duniani: yasiyo na paa wala milango, yenye taa kama karabai, honi ya kubinya, na magurudumu ya spoki kama ya baiskeli iliyokonda kwa mawazo. Viwanda vilivyoyatengeneza vilikwishakufa zamani. Yalibaki maboksi, pamoja na watu wazima na akili zao wanaoyagombania kama shamba la urithi.

Kwa kazi alikuwa fundi wa meno bandia, ndiyo maana akaitwa hivyo. Angeweza kukuchongea jino la mbele mpaka mwenyewe usahau lipi ulizaliwa nalo na lipi la kununua. Ungetegemea mkono kama ule, ukipewa gari la vipande, uliunganishe kabla chai haijapoa. Thubutu!

“Ukifungua, umeua,” alikuwa akisema, macho yakimlegea kama anayemtaja marehemu wa karibu.

Mkewe, mshonaji, hakuwa na subira na falsafa hiyo. “Mimi nikishona gauni nikalifungia kwenye boksi, mteja ataniita kichaa. Wewe ukifanya hivyohivyo unaitwa mtaalamu. Haya, mtaalamu, sogeza miguu nifagie.”

Ndani ya nyumba hiyohiyo alikaa mama mkwe, ambaye hakuwa na jino hata moja. Mkwewe alikuwa amemchukulia vipimo siku nyingi. Kalibu ya plasta ilikuwa tayari, plastiki ya waridi ya ufizi ilikuwa kwenye mkebe wake, meno yalikwishachaguliwa rangi. Kilichokosekana ni fundi kukaa kitako.

“Mkwe wangu,” bibi alimwambia huku akichovya mkate kwenye chai, “meno yangu nayo umeyafunga nailoni?”

“Yanakuja, mama. Kazi nzuri haitaki haraka.”

“Haya, baba. Mimi na ufizi wangu tupo, hatuendi popote.”

Jumapili, Fundi Meno alikutana na wenzake wa chama cha wenye maboksi katika ofisi ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa muuza majeneza, kwa hiyo suala la masanduku yanayofungwa yasifunguliwe tena alilielewa kuliko wote. Na kwa kuwa mwanadamu hawezi kukaa na sanduku bila kutaka kujua kilichomo, chama kilikuwa na ibada yake: kusikiliza. Boksi lilizungushwa mkono kwa mkono. Kila mjumbe alilitikisa karibu na sikio, akafumba macho, akatoa hukumu.

“Injini ipo.”

“Honi hiyo, isikieni! Imejaa.”

“Taa zote mbili. Wallahi zote mbili.”

Na katika maboksi yote, hakuna lililosifiwa kama la Fundi Meno, lile la gari la magurudumu matatu lililoongozwa kwa mpini badala ya usukani. Wenzie wengi hawakuwahi kuliona isipokuwa kwake. Lilikuwa na sauti nyembamba, chwa-chwa-chwa, kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Halafu, ajabu, kila mwaka sauti ilizidi utamu. Wenye fani walikubaliana kwamba boksi linakomaa.

Jumapili hiyo walikuwa wanachagua boksi la kuwekwa kwenye kabati la kioo la Mwenyekiti, mbele ya majeneza, wateja walione kabla ya kulia. Heshima kubwa. Fundi Meno alikwishavaa koti la harusi yake, vifungo vikilalamika.

Ndipo Forodha alipolishika boksi. Huyu alikuwa mstaafu wa forodha, na maisha yake yote alifungua mizigo ya watu kwa mshahara. Akakodolea macho nailoni, akalitikisa tena, akasonya.

“Hii si sauti ya gari. Hii ni sauti ya meno.”

“Meno gani tena?” Fundi Meno akauliza.

“Wewe unatuuliza sisi? Mtu wa meno akiiba injini ndani ya boksi, atajaza nini? Maharage? Na anayeishi kwa kughushi meno ya watu atashindwa kughushi nailoni?”

Wanaume waliokuwa wakilisifu boksi lile miaka nenda rudi wakaanza kukumbuka kwamba, kusema kweli, siku zote walikuwa na mashaka.

Fundi Meno akasimama. Boksi likibaki limefungwa, yeye ni mwizi na mghushi. Likifunguliwa, si mwizi, ila boksi limekufa. Akamtazama kila mmoja, akangoja aseme “yaishe.” Wote wakalitazama boksi.

“Nipeni mkasi,” akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kamba.

Mwenyekiti akafumba macho. Nailoni ikalia mara moja, kwisha.

Injini ilikuwemo. Honi, taa zote mbili, kiti cha ngozi cha ukubwa wa ukucha, mpini, kila kitu. Isipokuwa magurudumu. Zilibaki rimu tatu tupu, na chini ya boksi kulikuwa na spoki zilizosagika laini kama chumvi ya mezani.

Forodha akainamia nailoni, akaikagua pande zote. “Ni ya kiwandani,” akakiri kwa huzuni. “Haikuwahi kuguswa.”

“Sasa spoki nani amezivunja?”

Chwa-chwa-chwa ikawarudia wote vichwani, miaka yote ya kutikisa. Mjumbe mmoja akaficha mikono mifukoni.

“Boksi lilikuwa dhaifu,” Mwenyekiti akaamua, na wote wakaafiki haraka.

“Basi nimesafishwa?” Fundi Meno akauliza.

“Umesafishwa, ndugu yetu, tena kabisa. Lakini kwa kanuni za chama, mwenye boksi lililofunguliwa hana boksi.” Kabati la kioo akapewa Forodha.

Fundi Meno akarudi nyumbani na vipande kwenye mfuko wa koti. Mkewe alimwona uso, akameza maneno yake, jambo lililokuwa nadra kuliko boksi lenyewe. Fundi akaketi mezani. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkebe wa plastiki ya waridi. Akachonga spoki moja, akaipachika. Ikakaa. Akachonga ya pili huku ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika.

Siku ya pili gari lilisimama mezani kwa magurudumu matatu ya rangi ya ufizi. Mama mkwe akaja na kikombe chake, akaliangalia sana.

“Hongera, baba. Gari limepata ufizi kabla yangu.” Akalisukuma kwa kidole. Gari likakimbia meza nzima, likakata kona kwa mpini wake, likagota kwenye sukari.

“Polepole, mama!”

“Kumbe linakwenda!”

Fundi Meno akabaki mdomo wazi. Miaka yote hiyo, hilo halikuwahi kumjia akilini. Akalisukuma mwenyewe. Akalisukuma tena. Kisha akaingia chumbani, akatoka na boksi jingine kifuani. Mama mkwe akalinyakua, akaliweka sikioni.

“Usitikise!”

“Basi fungua.”

Fundi akageuka kutafuta mkasi. Ulikuwa mkononi mwa mkewe, na mkono ulikuwa nyuma ya mgongo.

“Meno kwanza,” alisema.

Hakuna meno yaliyowahi kutengenezwa kwa kasi ile. Mama mkwe alipoyavaa, aliagiza ganda gumu la mkate, akaketi, akatafuna taratibu, kwa raha zake, bila chai. Mkwewe alisimama mbele yake, boksi kwapani, mkasi bado kwa mkewe, akimtazama taya. Bibi alipomeza, akafikiri kidogo.

“Nipeni ganda jingine,” akasema.