Pua ya Etyang

Etyang alianza kuchomelea vyuma hapa Malaba mwaka nilipomzika mume wangu, na mimi miaka sisahau. Malori yalimfuata kwa sababu ya pua yake. Tanki la mafuta likitoboka, mafundi wengine walikataa kuligusa, maana mvuke wa petroli ukibaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Etyang aliingiza kichwa, akanusa, kisha akasema, "Bado," au, "Leteni waya wa kuchomelea." Hakukosea hata siku moja.

Baadaye alibadilika. Mtu wa mzaha akawa mkali, na mkono ukatetemeka hata mrija wa kunywea pombe kwangu ukawa unagonga chungu. Watu wakasema ni pombe. Pombe yenyewe ni mimi ninayepika! Etyang hunywa kidogo kuliko katekista.

Ijumaa moja mkaza mwanangu Trizah aliongeza maji moto kwenye chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi. Aliyabeba kwa mtungi uliowahi kuwekwa mafuta ya taa. Wazee walivuta mara moja tu, wakatema.

"Mama Aguti, unataka kutuwasha kama taa?" mzee Ongodia akapiga kelele.

Etyang peke yake aliendelea kuvuta. "Leo imeiva vizuri," akasema.

Wakacheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Kesho yake alikuwa na tanki la kuchomelea.

Asubuhi nilimpelekea vikombe vitatu, nikamfunga macho kwa leso.

"Nusa."

"Maji."

Kilikuwa kitunguu.

"Na hiki?"

"Maji."

Yalikuwa mafuta ya taa. Cha tatu kilikuwa na maji kweli.

Alifungua leso, akanusa yale mafuta tena na tena. "Mama, unanichezea," akasema, akaondoka bila kuaga.

Nilimfuata na magoti yangu haya mabovu. Alikuwa ameingiza kichwa kwenye tanki, mafundi wakimngoja. Akakitoa.

"Boss, tuanze?" akauliza Wesonga, dereva wa lori lile.

Etyang akasogea kando. "Nusa wewe. Mimi pua imekufa."

Wesonga aliinama, akaruka nyuma. "Weh! Mvuke bado umejaa!"

Waya ukakunjwa.

Hospitali nilimpeleka mimi, na maswali mengi yalikuwa yangu. "Daktari, kwani pua ina njia ya kwenda kwa ubongo?"

"Ipo, mama." Akaeleza kwamba moshi wa kuchomelea una chembe za chuma ndogo mno, jicho halizioni, na wachunguzi wanaona baadhi zinaweza kupanda kwa mishipa ya harufu. Huenda ndizo zilizoleta mtetemo na ile hasira. Huenda, alisema, bado wanachunguza.

"Pua itarudi?" Etyang akauliza.

Daktari hakuahidi. Alimwambia auache ule moshi.

Ameuacha. Siku hizi anauza vyuma, na jioni anakuja kwangu: "Mama, lete vikombe." Juzi alikishika kimoja muda mrefu, macho yamefungwa.

"Kitunguu," akasema.

Ulikuwa mchaichai. Alikosea, lakini hakusema maji.