Njia ya Ghuba Aliyovuka Lambert

Masika alikuwa fundi cherehani huko Randburg, mji wa kusini mwa Afrika, katika chumba kidogo nyuma ya saluni ya Mkongo mwenzake, Marcelline. Alitoka Butembo pamoja na kaka yake, Lambert, na kwa miaka tisa waliishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mwaka 2015 Lambert akapata nafasi ya wakimbizi kwenda Norwei. Jina la Masika halikuwemo kwenye faili.

Lambert alipelekwa mji wa wavuvi, pwani ya kaskazini kabisa, ambako jua hupotea miezi miwili. Akapata kazi ya kuanika samaki. Kila Jumapili alimtumia dada yake ujumbe wa sauti, naye Masika aliusikiliza huku akipiga pasi.

"Huku samaki hawatiwi chumvi," alisema Lambert. "Wanatundikwa nje, baridi na upepo vinawakausha. Lakini wazee wanalalamika. Siku hizi mvua inanyesha wakati wa theluji, nzi wanawahi, samaki wanaoza. Tumeanza kuwaanua mapema."

Lambert alipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Torill. Ndiye aliyemfundisha kuvaa sufu tabaka juu ya tabaka, na kuvuka ghuba kwa miguu inapoganda. Tangu zamani watu wa pale walichomeka matawi kwenye barafu kuonyesha njia salama. Torill aliijua hata bila matawi: unaanzia kanisani, unaelekea mwamba mweusi ng'ambo.

Machi 2018 theluji iliporomoka mlimani ikaziba barabara ya kwenda kazini. Mwaka huo hakuna aliyechomeka matawi. Lambert akafuata maelekezo ya bibi, na katikati ya ghuba barafu ikapasuka. Alipatikana siku ya tatu.

Simu ililia mchana, Masika akimpima mteja mabega. Alikuwa Parfait, Mkongo aliyefanya kazi na Lambert. Alimpasha habari, akamwacha alie, kisha akasema, "Mama Torill yuko hapa. Anaomba kuongea nawe. Nitatafsiri."

Sauti ya kizee ikasikika, ya taratibu, halafu ya Parfait.

"Anasema yeye ndiye aliyemwonyesha Lambert njia ile. Ameivuka tangu utotoni, mwezi huu huu, na haijawahi kuvunjika. Anasema anachokijua kuhusu barafu sasa kinaua watu."

Masika akakata simu.

Hakuweza kusafiri, karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imepita muda. Maziko aliyatazama kwenye simu ya Marcelline, akina mama wa kanisa wameketi chini kumzunguka. Wao waliimba. Watu wa kule walisimama kimya, vichwa chini. Mtandao ukakatika kabla jeneza halijafunikwa.

Torill aliendelea kutuma picha za kaburi. Masika hakujibu hata moja. Mwaka uliofuata Parfait akamweleza kwamba bibi alisimama kwenye mkutano wa mji, akaomba njia ya ghuba ifutwe kwenye ramani, ingawa baba yake ndiye aliyekuwa akiichomekea matawi. Wakakubali.

Siku hiyo Masika alimrekodia Parfait ujumbe.

"Mwambie Mama Torill simchukii. Mwambie Yaya Lambert, kaka yangu, alimpenda sana. Lakini picha asinitumie tena. Bado sijaweza."

Kisha akarudi kwenye sare za shule zilizomngoja mezani, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, akashindwa, akajaribu tena.