Siku Tuliyoingia Pango la Bosibori

Mvua ya mawe ikishanyesha na kuchanachana majani ya migomba na pareto, hewa hujaa harufu mbichi, chungu kidogo, kama ya mti uliotoka kubanduliwa gome. Wengine wakiinusa hufikiria hasara ya shamba. Mimi, hata leo nikiwa mwanamke mwenye wajukuu, mwili hunisisimka nikageuka kutazama nyuma. Ngojeni niwaeleze kwa nini.

Nilizaliwa chini ya miteremko ya Manga, upande ambao jua huchelewa kufika asubuhi kwa sababu ya ule ukuta wa mawe na vichaka uliosimama juu ya nyumba zetu. Uhuru ulikuwa bado mpya. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai kule Kericho, na mama alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo mwenye amri nyumbani alikuwa nyanya yetu, tuliyemwita Magokoro. Alikuwa mfupi, mkavu, na hakupandisha sauti hata alipokasirika. Akikasirika aliishusha, na hapo ndipo tulipomwogopa.

Juu kwenye mteremko kulikuwa na pango. Magokoro alitusimulia kwamba zamani, watu wetu walipofukuzwa na vita kutoka nyanda za Kano, mama mmoja wa ukoo wetu aliyeitwa Bosibori alipanda hadi pale na watoto aliowaokoa, akakuta chui jike amezaa humo ndani. Nyuma yake kulikuwa na mikuki, mbele yake meno. Akaketi mlangoni akazungumza na yule chui, mama kwa mama, mpaka wakaelewana: wako siwagusi, na wangu usiwaguse. Wakalala humo pamoja hadi vita vikapita.

"Na mapatano hayo yangalipo," Magokoro alikuwa akisema huku akipepeta wimbi. "Lakini msiende kuyajaribu."

Nani angeyajaribu? Mimi hata kuni sikuokota nikiwa nimeupa mgongo mteremko ule.

Sasa, kulikuwa na mbuzi wetu mwenye mimba ambaye alikuwa mkaidi kuliko sisi sote. Alasiri moja alipotea, na Magokoro akanituma mimi na dada yangu Kemunto tumtafute. Kemunto alikuwa ameanza kufunga kitambaa kichwani kama mtu mzima na kunikemea kama mama mdogo. Mimi machozi yangu yalikuwa karibu sana. Tulifuata kinyesi cha mbuzi katikati ya miti ya miwati, tukapanda, tukapanda tena, hata nyumba za chini zikawa kama uyoga. Ghafla mbingu ikawa nyeusi na mawe ya mvua yakaanza kutupiga kichwani na mabegani. Kemunto alinishika mkono tukakimbia bila kuchagua njia. Tulipoinua macho, tulikuwa mbele ya pango.

Nilikataa kuingia. Akanivuta. Pale mlangoni aliteleza kwenye jiwe, nikasikia kifundo cha mguu wake kikilia kama kijiti kinachovunjwa. Hakupiga kelele. Alijikokota hadi ndani akaegemea ukuta, midomo imemkauka.

Humo ndani mlinuka mkojo wa mnyama na nyama ya siku nyingi. Halafu kutoka gizani, huko nyuma kabisa, ikaja sauti ndogo, kama ya paka mchanga anayetafuta titi. Ikajibiwa na nyingine.

"Nini hiyo?" niliuliza.

"Popo," Kemunto alisema upesi. "Moraa, nenda ukamwite Magokoro."

"Lakini mvua..."

"Nenda sasa hivi. Umenichosha na kulia kwako. Na wewe usirudi, ubaki nyumbani na mama."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ile mvua. Nikatoka nikilia kwa hasira, nikamwacha.

Mawe yalikuwa yamepungua na kuwa manyunyu. Sikuwa nimefika mbali nilipomwona. Alikuwa akipanda kwa njia ileile niliyoshukia, amelowa, manyoya yamegandamana, mifupa ya mabega ikipanda na kushuka. Nilijitupa kichakani. Alipita karibu nami kiasi cha kuona punje za barafu zikiyeyuka mgongoni mwake. Akasimama. Akageuza kichwa, na yale macho ya manjano yakanitazama kama mtu mwenye haraka anavyotazama jiwe lililo kando ya njia. Kisha akaendelea kupanda kuelekea kwa dada yangu. Mkojo ulinitiririka miguuni, na ndio kitu pekee mwilini mwangu kilichokuwa na joto.

Nilishuka nikianguka na kuinuka mpaka nikagongana na Magokoro, aliyekuwa akija kututafuta, panga mkononi. Nilipata neno moja tu.

"Chui."

"Kemunto yuko wapi?"

Nikaonyesha juu. Nilingoja apige mayowe watu waje. Hakupiga.

"Shika leso yangu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Usiiachilie, na usikimbie."

Tulimkuta Kemunto amejiburura hadi nje, amelala kwenye majani hatua chache kutoka mlangoni. Chui alikuwa amesimama pale mlangoni, mkia ukipiga huku na huku, akinguruma kama jiwe la kusagia. Nyuma yake vile vilio vidogo vilikuwa vikiendelea, ndipo nikajua vilikuwa vya nani. Magokoro aliinama akaliweka panga chini, na jambo hilo liliniogofya kuliko yote.

"Mama," alimwambia chui, "sisi ni wa Bosibori. Wako hatujawagusa. Tumekuja kumchukua wetu."

Sauti yake haikutetemeka. Lakini leso niliyoishika ilikuwa ikitetemeka yote. Alisogea polepole, akachuchumaa, Kemunto akajishikilia mgongoni kama mtoto mchanga, nasi tukaanza kurudi kinyumenyume. Chui akatoka hatua moja. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa ameingia kwa watoto wake.

Tulipofika nyumbani tulimkuta yule mbuzi uani, anatafuna marando ya viazi vitamu.

Mguu wa Kemunto uliungwa, ila ameuburuta kidogo tangu hapo. Mwaka jana nilimtembelea kwake Nyamira, tukawa tunamenya ndizi za kupika, nikamtania kuhusu wale popo wake.

"Popo wapi," alisema. "Nilijua ni watoto wa chui kabla hujaniuliza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekaa na mimi."

Akachukua ndizi nyingine. Mimi nilishindwa kuendelea kumenya. Miaka yote hiyo niliamini alinifukuza kwa sababu nilimchosha. Kumbe alikuwa mtoto, peke yake gizani na mguu uliovunjika, akisikiliza nyayo zangu zikienda mbali na kutamani ziende haraka zaidi.