Dalali Aliyechelewa Siku Mbili

Verna Haverkamp aliwahoji madalali watatu wa nyumba kabla ya kumchagua mmoja, kwa uangalifu uleule aliotumia miaka ishirini na miwili kuendesha basi la shule katika vitongoji vya San Antonio. Wa kwanza alizungumza naye peke yake, kana kwamba mumewe, Orville, aliyeketi palepale kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa kabati. Wa pili alisema nyumba mpya haihitaji dalali. Ni kusaini na kuhamia. Wa tatu, Ramón Ybarra, hakuuliza habari za jiko wala bustani. Alichutama akapima upana wa kiti cha Orville.

"Mzee, hiki hakipiti milango ya bafu wanayoweka siku hizi. Nitadai mlango mpana, na nitadai uandikwe kwenye mkataba."

"Mchukue huyu," Orville alimwambia mkewe. "Angalau ameniona."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Walikubaliana waanze kutazama nyumba Jumanne. Nyumba yao ya zamani, yenye bafu ghorofani, ilikuwa imeshauzwa, na walitakiwa kutoka kabla Agosti haijaisha. Tangu Machi, Orville alikuwa akipanguswa kwa kitambaa sebuleni. Alichotaka katika nyumba mpya ni kitu kimoja: kuingia bafuni mwenyewe na kufunga mlango.

Jumapili, wakitoka kanisani, Verna alipita kwenye mtaa mpya uliokuwa ukijengwa na kampuni moja karibu na hospitali. Alikusudia kutazama kutoka garini tu. Lakini mlango wa nyumba ya maonyesho ulikuwa wazi, na msichana wa mauzo, Brandi, alikuwa ameshatoka na bilauri mbili za maji ya limau. Verna hakuwa mtu wa kukataa kinywaji cha mtu kwenye kizingiti chake. Ndani palikuwa na kadi ya wageni. Aliandika jina lake na simu yake. Palipoulizwa jina la dalali aliacha wazi; Ramón hakuwapo, na kumwandika mtu asiyekuwapo kulionekana kwake kama uongo.

Jumanne alirudi na Ramón. Brandi aliwapokea kwa tabasamu lilelile.

"Bwana Ybarra, samahani. Bi Verna ni mgeni wetu tayari. Alikuja peke yake."

Ramón alimvuta Verna nje. "Ulisaini kitu?"

"Kadi tu. Nilidhani ni ya bahati nasibu. Walikuwa wanatoa jiko la kuchomea nyama."

"Ah, mama." Alijifuta paji la uso. "Hapa dalali wako lazima aje nawe siku ya kwanza, jina lake likiwa kwenye kadi. La sivyo hawamtambui, hawamlipi, hawazungumzi naye. Nilipaswa kukuambia Ijumaa. Sikuwaza kwamba ungekuja bila mimi."

"Basi twende kwingine."

"Kwingine wapi? Karibu na hospitali, nyumba zisizo na ngazi ni hizi tu."

"Nisomee mkataba basi, kama rafiki."

"Bosi wangu akijua nimeshughulikia mkataba ambao ofisi hailipwi, kazi sina." Alisema hivyo akitazama viatu vyake, na Verna akajua kwamba kweli hataweza.

Kwa hiyo wiki iliyofuata aliketi peke yake mbele ya Brandi, na kurasa sitini za mkataba katikati yao. Nyumba ilikuwa imebakiza kuwekwa milango na kupakwa rangi tu.

"Ule mlango wa bafu, mwanangu. Mpana, kama nilivyokuambia."

"Usijali kabisa, Bi Verna. Nitamwambia fundi mkuu mimi mwenyewe."

"Si ungeuandika?"

"Tukiandika, karatasi zinarudi makao makuu. Wiki sita hizo. Nyuma yako wapo watu wanne wanaoitaka nyumba hii."

Verna alisaini. Katika ukurasa wa arobaini na moja, ambao hakuusoma, iliandikwa kwamba ahadi yoyote ya mdomo ya mtu wa mauzo haiibani kampuni.

Walihamia tarehe ishirini na sita Agosti. Mlango wa bafu ulikuwa kama milango mingine yote ya mtaa ule. Verna alipiga simu ofisini. Kijana mgeni akamjibu kwa adabu kwamba Brandi amehamishiwa mradi mwingine, kwamba ukuta ule umebeba mabomba, na kwamba kila kitu kimejengwa kama mkataba unavyosema.

Orville aliomba asukumwe hata hivyo. Magurudumu madogo ya mbele yaliingia. Makubwa yaligonga fremu, yakakwama. Verna alirudi nyuma, akajaribu kwa mshazari, akajaribu tena. Kisha akaacha. Kutoka pale Orville aliweza kuona vigae vyeupe na bomba la mvua, ambalo bado lilikuwa limefungwa nailoni. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Ni bafu zuri," alisema. "Nirudishe."