Betri ya Mama Mutheu

Wasomaji, mkinipata Kitengela wiki hii, tafadhali msinisalimie. Mimi ni fundi wa sola. Hizi betri kubwa za maji nimefunga nyingi, hata sikumbuki zote. Yangu ya nyumbani hufa kila baada ya miaka miwili, maana sizimi TV mpaka ijizime yenyewe, basi nikaamini betri zote huishi hivyo.

Jumamosi Mama Mutheu wa Isinya aliniita nimwongezee taa kwa nyumba ya vifaranga. Wamama wa chama chake walikuwa hapo wakinywa chai. "Betri ni ileile tu, iko na miaka tisa," akaniambia.

Nilicheka. Nikawageukia wamama, nikawafundisha vile betri huzeeka, kisha nikamalizia: "Mama, hapo umetudanganya. Hii ulibadilisha."

Hakukasirika. Alinionyesha chupa ya maji ya betri, akasema hakuna mwezi amewahi kuruka, na chaji ikifika nusu TV inazimwa, hata kama mzee wake analalamika. Halafu akachukua kitambaa, akapangusa vumbi ubavuni mwa betri.

Yakatokea maandishi ya kalamu nyeusi: "Usimalize chaji. Ikibaki nusu, zima. Maji kila mwezi." Chini yake kulikuwa na tarehe ya miaka tisa iliyopita, na jina langu.

"Mimi nilifuata tu vile uliniandikia," Mama Mutheu akasema kwa upole. "Kwani fundi, wewe hukuwa unaamini?"