Mapota Wasiobeba Mizigo

Hapana shangazi, sikumtia dada kichaa. Maneno yametoka Irving mpaka kwako Missouri City, njiani yamenenepa. Nilitumwa kuangalia, nikaangalia, nikarudi nikasema. Usinikatie simu, nisikilize kwanza.

Akanikatia. Basi nawaeleza ninyi.

Dada yangu alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Irving, Texas. Mwaka ule wa 2019 ali-apply kimya kimya kusoma master's ya afya ya jamii kule Oxford, Uingereza. Wakamkubali, na ada wakasema watamlipia. Alitakiwa ajibu kabla ya Ijumaa. Shemeji, yaani mume wake, alisoma barua akairudisha mezani kama menyu ya hoteli asiyoipenda.

"Kule ni kwa watoto wa wakubwa," akasema. "Mwaka mzima uwe mgeni wa watu. Wa nini?"

Dada hakubishana. Alinifuata mimi, kwa sababu mimi napakia mizigo kwenye ndege pale DFW, airport ya Dallas, na sisi wafanyakazi kukiwa na kiti kitupu tunapanda karibu na bure.

"Nenda mdogo wangu," aliniambia. "Picha usiniletee, picha ninazo. Niangalizie kitu kimoja tu: mtu kama mimi anaweza kukaa pale asijisikie mgeni?"

Mimi chuo sijaenda. Ninachojua nimejisomea kwenye simu wakati wa break, nimekaa juu ya toroli la mizigo. Ndiyo maana niliitaka sana hiyo safari. Nikapata kiti cha katikati karibu na choo, Heathrow nikachukua basi, saa tano asubuhi niko Oxford. Nikamuuliza kijana wa kwanza, "Chuo kikuu kiko wapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Unataka sehemu gani yake?"

Kumbe hakina geti moja! Kimetawanyika mji mzima, vyuo vidogo vidogo, kila kimoja na ukuta wake wa mawe ya rangi ya ugali wa dona. Lango linapitisha lori, lakini ndani ya lango hilo wamechonga kimlango cha mtu mmoja, na hicho ndicho kinachofunguliwa. Nikabaki najiuliza lile kubwa linamsubiri nani. Ndani kuna majani yamenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, na kibao: usikanyage. Texas tunakata majani watoto wacheze. Wale wanayakata wayaangalie.

Likapita kundi la vijana na majoho meusi, kila mmoja na ua kifuani. Nikajua msiba. Nikawapa pole. Binti mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Walikuwa wanaenda kufanya mtihani! Ua jeupe ni mtihani wa kwanza, jekundu ni wa mwisho.

"Na ukifeli ua unarudisha?" nikamuuliza.

"Hilo hajawahi kuniuliza mtu," akasema, akakimbilia wenzake.

Halafu kwenye lango moja nikaona kibao kimeandikwa Porters. Nikasimama hapohapo. Baba yangu kule Moshi alikuwa pota, alibeba mizigo ya watalii mlimani mpaka magoti yakagoma. Na mimi ni pota wa ndege. Leo nakuta mapota wana ofisi yao ya mawe, langoni kabisa! Nikaingia kifua mbele, nikatua begi langu kaunta, nikamwambia mzee mmoja mwenye suti nyeusi, "Mimi pia ni pota."

"Vizuri. Wa chuo gani?"

"Airport ya Dallas."

Akaliangalia begi, akaniangalia mimi. "Sisi hatubebi mizigo."

"Pota asiyebeba mzigo ni pota wa nini?" Damu ilishapanda. Nilijua ananidharau, na sauti yangu ikipanda haijui mlango. Mwenzake akainuka kitini.

Mzee hakuinuka. "Tunabeba funguo," akasema. "Na barua zao. Na wakianza kulia wiki ya tatu, wanakuja kulia hapa."

Nikapoa. Nikamweleza habari za dada, akanivutia kiti, akauliza jina lake. Sasa jina la dada linaanza na ng', ile ya ng'ombe. Texas limewashinda. Kazini walikuwa wanamwita kwa herufi moja tu, mwaka wa sita ule. Mzee akajaribu. Hapana. Akajaribu tena. Hapana.

"Chukua neno singing," nikamwambia, "kata ile si ya mbele, kinachobaki ndicho hicho."

Akafumba macho. Mara ya nne likatoka, safi kabisa, akaliandika kwenye daftari na kile kialama chake cha juu.

Ndipo nikamuuliza, "Watu wa kufanana na sisi mnao wangapi humu?"

"Wachache," akasema. "Na kuna watakaomuuliza anafanya usafi ghorofa ya ngapi. Mwambie na hilo."

Alhamisi nilikuwa jikoni kwa dada, nikayasema yote, zuri na baya.

"Kwa hiyo mtu aache nyumba yake," shemeji akasema, "kwa sababu mlinzi wa geti kajua kutamka ng'?"

"Ndiyo! Na wewe, yule bosi wake wa kazini umewahi kumfundisha kulitamka?"

"Nyamazeni wote wawili," dada akasema. Alikuwa ameshika simu. "Hiyo ya usafi, hapa naulizwa kila wiki, na kweli nafanya. Kule nitakuwa nasoma." Akabonyeza. Alikuwa amekubali.

Aliondoka Septemba. Shemeji ndiye aliye-drive kumpeleka airport, mimi nimekaa kiti cha nyuma. Tulipobaki wawili kwenye parking akanigeukia, macho mekundu.

"Ungemwambia ile ya usafi peke yake," akasema, "leo mke wangu angekuwa nyumbani."

Kweli kabisa, nadhani angebaki. Sentensi moja tu ningeimeza, ile ya mzee kulitamka jina lake. Wewe ungeimeza?