Kilo Mbili za Mishiri Hadi Maabara ya Embu

Niliondoka Timau kwa sababu ya mishiri, yale maharagwe mabichi membamba tunayowalimia wanunuzi wa ng'ambo. Mnunuzi wetu alirudisha mzigo mzima akisema una masalio ya dawa. Mzigo ule ulitoka mashamba mawili tu, langu na la jirani yangu Mutwiri. Mimi nilisema mkosaji ni Mutwiri, maana hunyunyizia dawa akipiga mluzi, na mtu anayepiga mluzi hasomi maelezo ya chupa. Mutwiri alisema ni mimi, na hakutoa sababu yoyote, jambo lililoniudhi zaidi.

Kikundi chetu cha wakulima kikaamua mishiri ipimwe katika maabara ya Embu. Katibu akachuma kilo moja kila shamba, akaandika majina kwenye mifuko. Mutwiri alikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa, nami nina wifi Manyatta, karibu na Embu. Nikatumwa mimi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Meru mjini, katika soko la Gakoromone, nikiomba barafu kwa muuza samaki ili mifuko isipate joto. Mama mmoja mwenye kibanda akachungulia kisanduku changu.

"Unauza hiyo mishiri?"

"Hapana, inapelekwa kupimwa."

"Kwani inaumwa?"

"Bado hatujui."

Alasiri, baada ya kona zote za Chuka, nilifika kwa wifi yangu Kathure, ambaye ni mwalimu. Niliweka mifuko kwenye friji yake, nikaenda kuoga. Nilipotoka nikakuta chakula mezani: viazi, nyama, na mishiri iliyokaangwa na karoti. Nilikuwa naongeza sahani ya pili nilipomuuliza alikoinunua.

"Si ile uliyoniletea? Nimepika mfuko mmoja. Ule mwingine ni wa kesho."

Nilikimbilia friji. Mfuko uliobaki ulikuwa na jina langu. Tulikuwa tumekula ushahidi wa Mutwiri.

Nilipomweleza Kathure, akaweka uma chini taratibu. "Kwa hivyo hii ina dawa, Mama Makena?"

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza."

Asubuhi niliamka na wazo. Nilikuwa na hakika mishiri yangu ni safi. Nikiigawa mara mbili na kuandika jina la Mutwiri kwenye nusu moja, sote tutaonekana safi, na hakuna atakayejua. Nikafanya hivyo, na hata nikajiona mtu wa amani.

Maabara ilikuwa nje kidogo ya mji wa Embu. Alinipokea msichana aliyeitwa Wawira, mwenye koti jeupe na maneno machache. Aliniruhusu nitazame kupitia kioo. Alisaga mishiri ya kila mfuko peke yake ikiwa imeganda, akapima kijisehemu kwenye chupa nyembamba, akamimina kimiminika cha kutoa dawa ndani ya mboga, akaongeza chumvi, akatikisa. Kisha chupa zikazungushwa kwa kasi hadi uchafu ukatuama chini. Maji ya juu akayasafisha, na tone lake likaingia kwenye mashine.

"Kila dawa hutoka kwa wakati wake," alinieleza, "na mashine huichorea kilima. Tunakilinganisha na kilima cha dawa tunayoijua. Mahali kilipo hutusaidia kujua ni dawa gani, na ukubwa wake hutuonyesha ni kiasi gani. Rudi kesho."

Kesho yake saa nne aliniwekea karatasi mbili mezani. Zote zilikuwa na kilima kirefu pahali pamoja.

"Mama, mashamba haya ni mawili kweli?"

"Yamepakana," nikasema.

"Hata yakipakana. Vilima vimelingana, hadi vile vidogo vidogo. Mashamba mawili hayafanani hivi."

"Ni shamba moja," nikasema. "Ni langu."

Hakunigombeza. "Hii ni dawa ya ukungu wa viazi. Jirani yako ana viazi?"

"Hana. Viazi ni vyangu. Viko upande wa juu wa mishiri."

Akashika kalamu, akafuta jina la Mutwiri. "Mfuko wake niandike nini?"

"Andika umeliwa."

Kwa heshima, aliandika kwamba umeharibika njiani.

Nilirudi Timau siku hiyo hiyo, na kikundi kilipokutana nikasimama nikaeleza yote. Mutwiri alisikiliza hadi mwisho.

"Mliumwa na tumbo?" akauliza.

"Hapana."

"Basi yangu ni safi," akasema, akakaa.

Katibu alisema tumbo la Mama Makena si maabara, lazima kilo nyingine ipelekwe. Mutwiri akapendekeza niende mimi tena. "Huyu ameshajaribu kuidanganya mashine, akashindwa," akasema. "Hao wengine bado wana tamaa ya kujaribu." Nilienda. Yake ilikuwa safi, na mnunuzi akamrudia. Mimi nilisubiri msimu mzima.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikumbuka baadaye asubuhi niliyonyunyizia viazi, na upepo ukishuka kutoka mlimani. Niliuhisi shingoni, nikaendelea na kazi kwa sababu dawa ilikuwa imeshachanganywa. Siku hizi, kabla sijamnyooshea jirani kidole, huuliza kwanza upepo ulikuwa ukielekea wapi.